Gari Lililopepesa Macho

Gari letu la kwanza lilikuwa linapepesa macho. Ukiwasha taa za mbele, zote mbili ziliwaka vizuri, zikafikiri kidogo, zikazimika, zikawaka tena, zikatetemeka, na kuendelea hivyo mpaka uzizime mwenyewe kwa hasira. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, nikilitazama, nalo likinikonyeza, mimi mwanamke mwenye ndoa yake.

Tulikaa Bunia, katika komini ya Shari, miaka ile ambayo vita vilikuwa vimekwisha lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema jambo hilo kwa sauti. Watu walijenga nyumba za matofali, wakapiga rangi, wakaweka mapazia, na chini ya kitanda bado wakaacha mfuko wenye nguo na karatasi za shule za watoto. Mimi ni mtu wa Butembo, natoka kwa watu wa biashara, na nilikuwa na kibanda cha vitenge sokoni. Mume wangu ni mwana wa Ituri, wa ukoo wa kufuga ng'ombe, na alikuwa anafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Angeweza kukuchorea ubaoni mito yote ya Kongo bila kutazama kitabu, na kwa sababu hiyo aliamini kwamba kitu chochote chenye njia za kugawanyika, uwe mto au waya, hakiwezi kumshinda.

Mama yake alikaa nasi. Wakati wa vita alikimbia kutoka kilima chao, upande wa kuteremka ziwani, akiwa amejifunga mgongoni kibuyu cha kusukia maziwa, pale ambapo wanawake wengine walimfunga mtoto. Ng'ombe wao walikwenda walikokwenda, nyumba ikabaki majivu. Miaka ikapita. Kisha amani ikaja nusunusu, mtoto wa kaka yake akarudi kule kilimani, akajenga kibanda na zizi, akapata ng'ombe wachache wa kuanzia. Kila juma alimtumia mama mkwe wangu chupa ya siagi kwa mkono wa kijana wa pikipiki. Yeye aliipokea ile chupa, akaifungua, akaivuta harufu yake kwa muda mrefu, kisha akaichanganya na chumvi ili isiharibike, akaificha chini ya kitanda chake. Mimi nilidhani anaila. Nilimsifu mumewe marehemu kimoyomoyo kwa kuoa mwanamke mwenye tumbo imara.

Alitaka jambo moja tu duniani: kufika kilimani kwake akawaone wale ng'ombe. Pikipiki nyonga zake ziliikataa. Lori hakulipenda, alisema ni kitu cha magunia. Ndiyo maana tulipopata kile kigari kutoka upande wa Uganda, chenye usukani kulia na siti za nyuma zilizopasuka, mume wangu alisimama mbele ya majirani akaahidi kwamba gari hili kazi yake ya kwanza ni kumpeleka mama kwao akawaone ng'ombe, na kumrudisha siku hiyohiyo. Majirani wakapiga makofi. Mama naye akapiga makofi.

Siku hiyohiyo ya kulileta gari alilibariki. Kwao, kitu kikubwa kinachoingia nyumbani kwa mara ya kwanza, awe bibi arusi au ndama, hupakwa siagi kwenye paji la uso. Mimi mwenyewe nilipakwa siku ya arusi yangu, na nzi wakanifuata mpaka kanisani. Basi akasimama mbele ya gari, akaomba. Aliombea magurudumu, akaombea maji, akaombea mafuta, akaombea askari wa barabarani wapate moyo wa nyama. Kisha akachota siagi kwa kidole gumba, akaipaka kwenye pua ya gari, katikati ya macho yake mawili. Mume wangu akasema amina kwa sauti nzito. Mama alipoingia ndani, akatoa leso mfukoni, akapangusa, kwa sababu alisikia kwamba jua likikutana na mafuta, rangi inababuka.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Sisi sote tukakumbuka lile jicho bovu, tukasahau kwamba lile la pili lilikuwa zima kabisa.

Haukupita muda mrefu, gari likaanza kupepesa macho, na safari ikafungwa. Msomaji asiyeijua barabara yetu ataona tunadeka. Lakini wakati ule, njiani kulikuwa na vizuizi, na kila dereva aliijua adabu yake: magharibi ikikukuta ukikaribia kizuizi, unapunguza taa za mbele, unawasha ile ndogo ya ndani ili sura zenu zionekane, unakwenda polepole mpaka kwenye kamba. Taa inayowaka na kuzima kutoka mbali haihesabiwi kuwa taa. Hayo ni mazungumzo, na askari atataka kujua unazungumza na nani kule porini. Mume wangu akasema hatutoki Bunia mpaka taa zipone. Nikamwambia tuondoke alfajiri, turudi mapema. Akanijibu kwamba barabara ile haijui mapema: mvua moja tu kwenye korongo, mnakaa hapo mnatazamana mpaka giza liingie. Katika hilo alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachoniudhi kama mume wangu akiwa na haki.

Fundi wetu wa siku zote hakuwepo. Alikuwa amepanda lori la viazi kwenda Kpandroma kusaidia njiani, lori likafia kulekule, naye akabaki analitengeneza. Kila tulipompigia simu alisema kesho anatoka. Baadaye tulisikia ameanza kulima.

Kwa hiyo mume wangu akavaa koti lake la zamani la chaki, akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, na nyumba yetu ikawa gereji. Kwanza alilaumu ampuli, zile balbu za taa. Alieleza, kwa ile sauti ya darasani, kwamba ukibadilisha ampuli ya kulia uipeleke kushoto, ugonjwa ukihama nayo, basi umeupata. Akahamisha. Ugonjwa haukuhama, kwa sababu macho yote mawili yalikuwa yanaumwa tangu mwanzo, jambo ambalo hata kuku wangu waliweza kumwambia. Kisha akalaumu batri. Kwenye vichwa vya batri kulikuwa na unga mweupe, akaumwagia maji ya moto ya chai yangu, akasugua kwa mswaki. Mswaki ule nilikuja kuutambua jioni, nikiwa tayari nimeuweka mdomoni. Kisha akaingia kwenye fyuzi. Akazitoa zote, akazipanga kwenye sahani, akazipuliza, akazirudisha, na tangu hapo ukikanyaga breki honi inalia. Taa zikaendelea kupepesa.

Jumamosi moja alitaka kuzijaribu kwa umbali. Jua likiwa limeshazama, akalielekeza gari ng'ambo ya bonde dogo lililo nyuma ya nyumba, akawasha, akakaa ndani akitazama miale ikicheza kwenye kuta za majirani. Inawaka, inazima. Inawaka mara mbili, inazima. Alikuwa anajaribu kusoma mwendo wake, kama kuna mpango fulani. Mimi nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo. Nikasikia ng'ambo milango inafungwa, mbwa wanabweka, watu wanaitana kwa sauti za chini. Muda si mrefu jirani yetu mmoja, mama wa makamo anayeuza mkaa, akatokea uani kwetu akihema, mtoto mgongoni, godoro kichwani, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Mama, leo tunakimbilia upande gani?"

Nikamwonyesha gari, na mume wangu ndani yake akiwa na kalamu sikioni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye akacheka, akatua godoro, akacheka tena, akaomba maji. Halafu nikaona kwamba godoro lile lilikuwa limefungwa kamba vizuri, mafundo mazuri ya zamani, yasiyofungwa kwa dakika mbili. Lilikuwa linakaa limefungwa siku zote, wanalifungua kwa kulalia tu. Cheko likanikauka. Iliniuma, nikampa sombe ya kupeleka nyumbani, na mume wangu akaenda nyumba kwa nyumba ng'ambo ya bonde kuomba radhi kwa niaba ya taa zake.

Baada ya hapo akatengeneza gizani mwa mchana tu, kama alivyosema, maana yake alifunika gari kwa blanketi zangu na kuingia chini yake. Kapo liliachwa wazi majuma yote yale, kwa sababu alikuwa amekwisha kung'oa komeo lake. Na kila Jumapili, tukitoka kanisani, mama alikwenda peke yake mbele ya gari, akaingiza mkono mle ndani, akaomba. Tulimwona. Tulidhani anaweka mkono juu ya mgonjwa, kama wanavyofanya wamama wa maombi. Gari likizidi kuumwa, naye alizidi kuomba, na gari likazidi kuumwa. Mchungaji angekuwa na la kusema.

Jambo lingine lililonishangaza ni paka. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Walilala juu ya pua ya gari, wakaingiza vichwa katikati ya taa, wakagombana humo. Niliwatupia viatu. Nilisema wanafuata joto la injini, mpaka siku nilipokumbuka kwamba injini ile haijapata joto tangu mwezi uliopita.

Mama hakulalamika. Kila asubuhi alivaa nguo za safari, akakaa kwenye kigoda kinachotazama gari, akamuuliza mwanawe kama leo limeamkaje. Mume wangu akamjibu linaendelea vizuri. Jioni akavua. Nilianza kuchoka na jambo hilo, na mimi nikichoka mdomo wangu hauna mlinzi. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba bwana hapendi taa zipone. Akikaribia kumaliza kitu, anapata kingine cha kufungua. Baba yake alizikwa kule kilimani harakaharaka, siku ya kukimbia, na yeye hajawahi kurudi kulitazama kaburi. Siku moja nilimkuta chini ya gari, zikionekana miguu tu, nikaongea na ile miguu.

"Baba ya batoto, weye hauogope taa. Unaogopa kilima."

Miguu ikatulia. Kisha sauti ikatoka chini ya injini, ya polepole, bila hata chembe ya ualimu:

"Naogopa yote mbili."

Nilipiga magoti nikamletea turunevisi, ile bisibisi aliyokuwa anaitafuta kwa kupapasa. Tangu siku ile sikumkejeli tena, au nilipunguza.

Na kweli, baada ya kulisema jambo lenyewe, akaanza kutafuta kama mtu anayetaka kupata. Alasiri moja, mama akiwa kwenye mkutano wa wamama kanisani, aliniita uani, akachora mchangani kwa kijiti. Huu ni waya wa jicho la kulia, huu wa jicho la kushoto. Kila jicho lina umeme wake wa kuingia, lakini umeme ukishafanya kazi lazima urudi nyumbani, kwenye bati la gari lenyewe, na hiyo njia ya kurudi mafundi wanaiita masi. Akaunganisha ile michoro miwili, ikawa kama mito miwili inayokutana. Macho yote mawili yanapepesa kwa pamoja, akasema, kwa hiyo ugonjwa uko pale wanapokutana. Ilikuwa mara ya kwanza jiografia yake kunipendeza. Tatizo ni kwamba hakuiona hiyo sehemu. Nyaya mbili nyeusi ziliteremka nyuma ya pua ya gari, zikaingia katika donge la vumbi jeusi, zikapotea.

Nikaenda jikoni nikachukua mwiko. Nikamwambia awashe taa, na mimi nitagonga mahali mahali, popote nitakapogonga taa zikishtuka, hapo ndipo panapouma. Hata mtoto mdogo ukitaka kujua anaumwa wapi unambonyeza. Akawasha. Nikagonga batri, kimya. Nikagonga lile sanduku la fyuzi, honi ikalia. Nikagonga huku na huku. Wakati huo paka mmoja mwekundu, mkubwa, ambaye hakuwa akiniogopa tena, akaruka juu, akapita karibu na mkono wangu, akaingiza kichwa mpaka kwenye lile donge jeusi, akaanza kuramba.

Taa zikapepesa. Paka akapumzika, akajilamba midomo, taa zikatulia. Paka akaendelea, taa zikaendelea.

Tulitazamana, mume wangu na mimi. Nikamsukuma paka, nikaligonga donge kwa mwiko, taa zikazimika kabisa. Nikalikandamiza, zikawaka imara, zote mbili, bila kutingishika, nikajiona kama nimeshika shetani kwa pembe. Mume wangu akaja, akakwangua kwa ukucha. Chini ya vumbi kulikuwa na kitu cha njano, laini, na chini ya hicho kuna bolti moja imeoza kwa kutu mpaka imekuwa nyekundu. Akanusa kidole. Kisha, sijui kwa nini, akakionja. Nilimwona uso unabadilika, akawa mtoto wa miaka sita mbele yangu.

"Iko mafuta ya mama," akasema.

Basi tukaelewa yote mara moja. Mama alimwona mwanawe akipangusa baraka yake kwa leso. Siku kapo lilipofunguliwa injini itiwe maji, akatafuta paji lingine la gari, la ndani, katikati ya macho, mahali ambapo mwenye leso hafiki, akaiona ile bolti ikiwa imekaa katikati kabisa kana kwamba iliwekwa kwa ajili hiyo, akaipaka. Na kila Jumapili akaongeza. Siagi peke yake labda ingesamehewa, lakini chumvi na chuma havijapatana tangu dunia iumbwe. Juma baada ya juma alikuwa akiichukua chupa yake nzima ya siagi, kitu pekee kilichotoka kwao, asiionje hata kidogo, anampa gari ili limpeleke. Na gari likashindwa kumpeleka kwa sababu hiyohiyo.

Sijui nilitaka kucheka au kulia, nikafanya yote mawili juu ya kapo.

Nikasema mimi nitamwambia. Mume wangu akanikataza kwa ukali ambao hana kawaida nao. Kwao, baraka ya mzazi hairudishwi, hata ikiwa imekutilia kutu. Nikauliza kama tutaacha gari lipofuke kwa heshima. Akasema tutasugua, tutanyamaza. Basi tukasugua, tukiwa tunatazama njia ya kanisani kama wezi. Alifungua bolti kwa ufunguo, akaipitishia msasa mpaka ikang'aa, akasugua bati nalo, mimi nikapangusa kwa kipande cha kitenge, akaifunga na kuikaza. Tukawasha. Macho yale mawili yalitazama mbele, hayakupepesa hata mara moja. Paka mwekundu alikaa juu ya ukuta akitulaani.

Mama aliporudi mwanawe akawasha taa mbele yake. Akasimama akizitazama. Akazitazama muda wote zilipokuwa zinawaka, kisha akapiga makofi polepole, akamshukuru Mungu kwa majina yake yote. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia kwamba sisi watu wa Butembo tuna akili ya biashara, lakini imani yetu ni ndogo: mafundi, waya, fyuzi, mambo mengi, na hali dawa ilikuwa maombi na uvumilivu. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikaukaza mkono. Nikasema, "Ndiyo, mama," na hiyo ndiyo sadaka kubwa niliyowahi kutoa maishani mwangu.

Tukaondoka juma lililofuata, alfajiri. Mama alikaa nyuma na mzigo wake: mkeka, sufuria, kibuyu cha kusukia, vitenge vyake vimefungwa ndani ya shuka. Nilidhani ni zawadi za watu wa kule. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alitazama ndani, akaona kibuyu, akauliza kama kuna maziwa. Mama akamjibu bado, tunaenda kuyatafuta. Mume wangu alishika usukani kwa mikono yote miwili njia nzima. Kila alipokanyaga breki honi ililia, na watoto wa vijiji walitupungia mkono kwa kudhani tunawasalimia.

Kilima kile ni kizuri kuliko nilivyoambiwa. Majani mafupi, upepo, na kwa mbali chini kabisa ule utepe wa ziwa. Mpwa wake alitupokea, akatuonyesha zizi. Mama akaenda moja kwa moja mpaka kwa ng'ombe mmoja mweusi mwenye madoa, akaweka kiganja kwenye paji lake, akabaki hivyo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mimi nisiyejua hata ng'ombe anakamuliwa upande gani. Kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda kaburini. Nilibaki mbali. Nilimwona mume wangu amepiga magoti aking'oa majani kwa mikono, taratibu, moja moja, mpaka udongo ukaonekana, na mama amesimama juu yake akimwelekeza pale alipoacha.

Alasiri tukala, tukanywa maziwa, na jua likaanza kuinama. Mume wangu akatoa funguo za gari. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa kile kibanda, mkeka wake tayari umetandikwa ndani, sufuria yake tayari iko juu ya mafiga. Nilimwona, nikaelewa. Mume wangu hakuelewa.

"Mama, tuende. Giza itatupata mu njia. Sasa taa iko muzuri."

Mama akamtazama kwa lile jicho zima.

"Mutoto wangu, miye sikuombaka taa ya kurudia. Niliombaka gari ifike."

Mume wangu alisimama pale na funguo mkononi. Jumamosi zote zile, ampuli, batri, blanketi, fyuzi kwenye sahani, alikuwa anatengeneza taa za kumrudisha mama nyumbani, na mama alikuwa nyumbani. Nilimhurumia. Alitaka kubisha, kisha akatazama lile kaburi safi, akaacha. Akasema tu kwamba atakuja. Mama akasema najua. Halafu akainuka, akachukua chupa mpya ya siagi, akaomba afunguliwe kapo ili aiombee barabara yetu.

Mume wangu akalifungua kwa mikono yake mwenyewe. Mama akaomba, kwa ufupi safari hii, kwa sababu ya jua. Akachota siagi kwa kidole gumba, siagi nyingi, na chumvi yake nikaiona inang'aa, akaipaka juu ya ile bolti tuliyoisugua mpaka ikawa kama kioo. Akaizungusha vizuri, akaikandamiza, akajipangusa kidole kwenye kitenge. Mume wangu alitazama jambo hilo mpaka mwisho wake. Akasema amina.

Tulifika kizuizini magharibi. Akapunguza taa, akawasha ile ndogo ya ndani, tukajongea polepole, na macho ya gari hayakupepesa. Askari alikuwa yuleyule wa asubuhi. Aliinamia dirisha, akatazama siti ya nyuma, tupu na iliyopasuka, akauliza yule muzee mwanamke wa kibuyu yuko wapi. Mume wangu akageuka, naye akaitazama siti ile.

"Amerudia kwao," akasema.

Askari akaishusha kamba tukapita.

Kesho yake asubuhi mume wangu alitoka na msasa, akakaa mbele ya gari, akarudi nao ndani bila kusugua. Aliisugua bolti ile siku ya tatu, taa zilipoanza tena, na paka mwekundu akiwa amekaa karibu akisubiri. Mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Tukienda kilimani mama anapaka, tukirudi tunasugua, na hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Ila taa zikikaa muda mrefu bila kupepesa, mume wangu hukosa raha. Anaziwasha jioni, anazitazama zikiwaka imara kwenye ukuta, anazizima, anakuja jikoni kuniambia kwamba tumekaa sana bila kwenda kumwona mama.